Mjadala: Sehemu ya mrabaha itengwe kwa jiolojia isiyotafuta madini?

Jabali: Wadau, mrabaha wa dhahabu, yaani fungu ambalo mchimbaji huilipa serikali, kwa kawaida ni asilimia 6. Napendekeza sehemu yake ndogo itengwe kisheria kwa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe), maji ya ardhini na matetemeko. Serikali inataka upimaji wa kina wa jiofizikia kwa ndege, yaani kusoma sumaku na mionzi ya miamba toka angani, utoke asilimia 16 ya nchi ufike 50 mwaka 2030. Sawa kabisa, ila ndege haioni kisukuku.

Nyikani: Napinga. Karatasi moja ya ramani ya robo digrii (nusu digrii kwa nusu digrii) ina takriban kilomita za mraba 3,000. Mistari ya ndege ikipishana mita 200, karatasi hiyo moja inadai kilomita 15,000 za kuruka. Upimaji wa miaka ya 1970 ulipishanisha mistari kilomita nzima. Bomba la kimbalaiti, mwamba unaobeba almasi, lenye upana wa mita 300 liliweza kujificha katikati. Kazi hiyo haijaisha, nyie mnagawana fungu? Mifupa imelala mamilioni ya miaka, mingine kumi itaiua?

Jabali: Mkuu, umelitaja bomba la kimbalaiti mwenyewe. Mahenge, Singida, ni ziwa la kale lililojaa tope ndani ya shimo la bomba la namna hiyo, miaka kama milioni 46 iliyopita. Limetoa samaki, vyura, majani, na popo *Tanzanycteris mannardi*, aliyepewa jina la mjiolojia aliyechunguza kimbalaiti za Singida. Tope la ziwa kama lile hupasuka kama kurasa. Bamba likiachwa juani, uso hukauka kabla ya ndani, linapinda na kumeguka pamoja na samaki wake. Lifungwe magazeti, likauke kivulini polepole. Bonde likimomonyoka hakuna anayefunga magazeti.

Mama Kokoto: Nyote mnazungumzia kuchimba, na kuchimba ndiyo sehemu nyepesi. Mfupa mkubwa unachimbiwa mtaro pande zote hadi ubaki juu ya kiguzo cha udongo. Unapakwa gundi ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwa asetoni, nyepesi, kama asilimia 5, na mfupa uwe mkavu: penye unyevu gundi hutanda nyeupe juu, ndani mfupa ukabaki unga mtupu. Halafu karatasi za chooni zilizoloweshwa, tabaka kadhaa, ndipo vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta ya jasi. Ukiruka karatasi, plasta itang'oka na ngozi ya mfupa. Ikishakauka, kata kiguzo, geuza, funga upande wa chini.

Kisha? Wafadhili wa nje hulipia msimu: magari, vibali, posho. Vifurushi vinabaki ghalani, mchwa wanakula gunia. Tendaguru kule Lindi, kwenye mifupa ya dinosaria, ilichimbwa na Wajerumani 1909 hadi 1913, zaidi ya tani 200. Kiunzi chake maarufu kilisimamishwa Berlin mwaka 1937. Miaka 24 hiyo! Fedha ikipatikana, hata shilingi isiende kwenye sululu. Iende kwa mafundi wa maabara na rafu.

Nyikani: Hapo nakuelewa zaidi, mama. Ila mshahara ukining'inizwa kwenye mrabaha, bei ya dhahabu ikianguka fundi hana kazi. Uingie bajeti ya kawaida.

Kisima Kirefu: Mmesahau maji, nasi tuko Dodoma. Vipimo vya miaka 55 vya visima vya Makutupora, vinavyoilisha Dodoma maji, vimeonyesha kuwa hazina ile ya chini ya ardhi hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ya El Niño ya 1997/98, wala si mvua za kila mwaka. Ungepima miaka mitano ya mradi ukakosa msimu kama huo, ungeapa kisima kinakufa. Gharama yake ni mtu wa kushusha kamba ya kupimia na kuandika tarehe. Na huyo ndiye anayekatwa wa kwanza bajeti ikibana, kwa sababu hana uzinduzi wala utepe.

Jabali: Basi mrabaha ujenge ghala mara moja, mishahara ibebwe na bajeti ya kawaida. Mkuu?

Nyikani: Andika mafundi wawili wa kudumu, rafu za chuma zisizoliwa na mchwa, na msoma visima. Ndege ziendelee kama zilivyopangwa. Nitaunga mkono. Nikiona "kituo cha kisasa cha umahiri" humo ndani, jina langu mlifute.