Kujenga Batangas, Ufilipino: bahay kubo au bahay na bato? Tulinganishe

Mwana_Likoni
Wakuu, salaam. Mke wangu ni Mfilipino, sote tuko kazini Doha, na mama mkwe amempa binti yake kiwanja Batangas, kusini mwa Manila. (Kiwanja kitabaki kwa jina la mke wangu, maana katiba yao haimruhusu mgeni kumiliki ardhi.) Hatutaki sanduku la zege lenye kiyoyozi kila chumba. Tunataka nyumba yenye asili ya kwao.

Mke wangu anataka bahay kubo: nyumba ya mianzi na mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, paa la nipa, ule mti wa jamii ya mnazi unaoota kwenye maji ya chumvi. Mama anataka bahay na bato, mtindo wa enzi ya Wahispania: chini mawe, juu mbao, madirisha makubwa ya kapizi (gamba la chaza linalopitisha mwanga). Vimbunga viko, matetemeko yako, na volkano ya Taal iko jirani. Nisaidieni kwenye kuta, paa na madirisha.

Fundi_Boriti
Mkuu, kwanza tazama mzigo unabebwa na nini. Wengi wakiiona bahay na bato hudhani ule ukuta wa mawe ndio unaobeba ghorofa. Sivyo. Zile zilizojengwa vizuri zina nguzo za miti mizima, wao huziita haligi, zinazotoka ardhini na kuibeba sakafu ya juu pamoja na kenchi. Mawe yamezizunguka tu. Ardhi ikitikisika, mbao zinayumba kivyake na mawe kivyake. Kwa maana hiyo bahay na bato ni bahay kubo iliyovishwa mawe kiunoni, na mkeo na mama yake hawako mbali kama wanavyodhani.

Paa la vigae lisahau. Matetemeko ya Julai 1880 kisiwani Luzon yaliangusha vigae vingi, na baada ya hapo watu wakahamia kwenye mabati. Akitokea mtu kukwambia bati si la asili, mwambie liko juu ya nyumba hizo kwa zaidi ya miaka 140.

BintiShangani
Mimi ni wa Unguja, nimezaliwa ndani ya nyumba ya matumbawe na chokaa, na sijaona ukuta unaozuia joto la mchana kama huo. Wafilipino wa visiwa vya Bohol na Cebu nao walijenga kwa matumbawe. Kule Batanes, ncha ya kaskazini, Waivatan wana nyumba za mawe na chokaa zenye kuta zinazokaribia mita moja kwa unene, paa la nyasi za cogon, na kimbunga kikinukia wanalifunga paa kwa wavu wa kamba. Nyumba ya Dakay pale Ivana ni ya mwaka 1887 na bado imesimama. Kwa nini kaka asijenge hivyo?

Fundi_Boriti
Dada yangu, Batanes walijenga wakiuhofia upepo kuliko yote. Jiwe bila nondo likibeba paa lenyewe, tetemeko ndilo adui yake. Oktoba 2013 tetemeko la 7.2 lilipoipiga Bohol, kanisa la Loon liliporomoka kabisa na la Loboc likabomoka vibaya. Yote mawili ni ya matumbawe. Isitoshe, kukata matumbawe ni marufuku Ufilipino. Kwa Batangas nashauri fremu ya zege na nondo chini, tofali za matundu zilizojazwa zege, kisha jiwe la adobe kwa nje. Adobe ya Luzon ni jiwe laini la majivu ya volkano, linakatwa kwa urahisi. Lifungwe kwa nyaya kwenye ukuta, lisigandishwe kwa saruji peke yake.

Mkaazi_wa_Cavite
Habari zenu. Naishi huku Ufilipino na familia. Mawe na nondo mmeyamaliza, mimi nazungumzia hewa, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi mpya za huku zinapokufa. Watu wanaweka nguzo za urembo na kapizi mbili tatu, kisha dirisha la aluminiamu la futi nne na dari ya jipsamu iliyoshuka. Saa nane mchana hukaliki humo.

Dirisha la zamani lina tabaka. Kuna fremu za kapizi, vipande vya gamba la chaza bapa vilivyopangwa kwenye viunzi vyembamba vya mbao, zinazoteleza pembeni mpaka ukuta mzima unafunguka. Kapizi inaingiza mwanga lakini inakata makali ya jua. Kuna vibao vya luva vya kuzuia jua huku hewa ikipita. Na chini ya kizingiti kuna ventanilla, kidirisha kirefu kinachofika sakafuni, kina nguzo ndogo za mbao au chuma, kwa hiyo usiku unafungua bila kuogopa mtoto kudondoka wala mwizi kuingia. Hewa ya baridi inaingia chini, ya moto inatokea juu kwenye nakshi zilizotobolewa juu ya kuta za ndani. Ukibana fedha, punguza popote ila hapo.

Kabla hujachora ramani nenda mji wa Taal, hapo hapo Batangas. Nyumba ya Marcela Agoncillo, aliyeshona bendera ya kwanza ya Ufilipino, sasa ni makumbusho. Ingia, simama karibu na dirisha.

Mjomba_Mianzi
Namtetea mke. Mwanzi unakaa ukitendewa haki: ukatwe ukiwa umekomaa, miaka mitatu na zaidi, kisha uloweshwe kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, la sivyo utabunguliwa mapema. Usiguse ardhi, usinyeshewe moja kwa moja. Siku hizi huko kuna taasisi ya Base Bahay, wanaojenga fremu za mianzi zilizopigwa lipu ya saruji, nyumba nyepesi zilizobuniwa kuhimili vimbunga na matetemeko.

Nipa mimi naipenda kama makuti ya kwetu, lakini ni ya kubadilisha kila baada ya miaka michache na moto hauisamehe. Iweke kwenye kibanda cha bustanini.

BintiShangani
Na mbao je? Narra, ile mbao ngumu ya kwao, inapatikana?

Mkaazi_wa_Cavite
Tangu 2011 kuna amri ya rais inayozuia kukata misitu ya asili, kwa hiyo narra na molave nyingi utakazoonyeshwa zimetoka kwenye nyumba zilizobomolewa. Zinauzwa waziwazi na ni nzuri mno. Lakini uliza zimetoka wapi. Nyumba za urithi zinavunjwa ili ubao uuzwe, na kila nguzo unayonunua bila kuuliza inamwita mvunjaji arudi. Mahogani ya kupandwa inatosha kwa sakafu.

Mwana_Likoni
Nimewasoma wote, nimemsomea na mke. Tumeelekea hivi: chini fremu ya zege na adobe, juu mbao, ventanilla kila chumba, mianzi iliyotibiwa kwenye dari na baraza ya nyuma, paa la bati. Swali moja: upenu. Mama anataka uwe mpana sana kwa ajili ya mvua, mimi nawaza kimbunga.

Fundi_Boriti
Unawaza vizuri. Upenu mpana ulioungana na paa ndio upepo unaoushika kwanza, na ukiinuka unaondoka na paa zima. Wazee wa huko walikuwa na jibu: media agua, kijipaa kidogo kinachojitegemea juu ya dirisha. Kikiondoka, paa linabaki. Kwa hiyo paa la pande nne, mteremko mkali ili majivu ya Taal yasikae juu yakalowa na kuwa mzigo, upenu mfupi, halafu media agua kila dirisha. Kenchi zifungwe kwenye nguzo kwa mikanda ya chuma, na bati lipigwe skrubu zenye mpira, zikaribiane zaidi kwenye kingo na pembeni.

Mkaazi_wa_Cavite
Chini ya bati weka foili ya kuzuia joto. Mvua za Julai zinapiga kelele, na mama mkwe atataka kusikia tamthilia yake.