Wauzaji wa samaki wa matumbawe, mtatuuzia rasi (wale samaki wanaoitwa wrasse kwa Kiingereza) wakorofi kwa jina la "mpole" mpaka lini?

Wakuu salamu. Niko Mtwara, Shangani, na leo nimefura, kwa hiyo wasimamizi mnivumilie.

Kuna muuzaji mmoja wa Dar, jina silitaji kwa sababu sheria za humu nazijua. Anauza samaki wa maji chumvi kwa picha za WhatsApp. Kabla sijatoa hata senti nilimwandikia kila kitu: tangi lita 300, matumbawe laini na magumu, kamba wasafishaji, konokono wa kula mwani, samaki wadogo watulivu. Nikamwambia natafuta rasi wa kupunguza minyoo kwenye mawe. Nikauliza kwa herufi kubwa: HAWATASUMBUA WENZAO? Jibu lake bado ninalo kwenye simu: "Kaka hao wapole kabisa, wadogo tu, weka hata leo."

Nikatuma hela, samaki wakaja na basi.

Sasa tuwatazame hao wapole. Wa kwanza ni rasi mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia. Kidude cha zambarau chenye mistari ya rangi ya chungwa ubavuni, jicho jekundu, hata akizeeka hapiti sentimita 10. Ni kweli anakula minyoo na vikonokono vinavyosumbua chaza, hapo muuzaji hakudanganya. Alichokificha ni kwamba huyu akishazoea tangi, tangi ni lake. Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hataki kupona, anataka mgeni afe.

Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Muuzaji yuleyule, akijua fika mistari sita yuko kwangu kwa sababu yeye ndiye aliyeniuzia, akanitumia picha ya samaki mwingine: Nemateleotris magnifica, yule mweupe mbele, mwekundu nyuma, mwenye pezi refu la mgongoni analolichezesha juu chini. Mnyonge wa mwisho kwenye matumbawe. Kazi yake kuelea mbele ya tundu lake akisubiri chakula kipite. "Huyu atapendeza na wale wako," akasema. Nikanunua.

Mistari sita hakumng'ata siku ile. Alianza kwa kumpita ubavu kwa ubavu, mapezi yametanuka, polepole kabisa. Mgeni akarudi nyuma. Akapitiwa tena. Kila alipotoa kichwa kwenye tundu, mwenzake yupo, anazunguka lile jiwe kama mgambo siku ya kuvunja vibanda. Kesho yake ncha ya mkia imechanika. Chakula hakifikii, kwa sababu kukifuata lazima atoke. Mwisho akabanwa kwenye kona ya pampu, akaruka. Nina wavu juu ya tangi, lakini kuna upenyo pale waya wa hita unapopita, na akapita hapohapo. Nilimkuta chini nyuma ya kabati, amekauka, pezi limegandia kwenye vigae.

Yaani mtu anakuuzia muuaji, kisha anakuuzia na wa kuuawa. Faida mara mbili.

Wa pili alikuja kwa jina la "klauni mwekundu". Jamani. Mtoto mwekundu wa rangi ya chungwa, madoa meupe mgongoni yenye ukingo mweusi, anaogelea kwa kuyumbayumba, kila mgeni nyumbani anaulizia huyo. Si samaki klauni (clownfish) hata kidogo. Ni Coris cuvieri, na yule wa utotoni na yule wa ukubwani ukiwaweka pamoja hutaamini ni samaki mmoja: mkubwa ni wa rangi iliyokolea, mwili umejaa vidoa vya bluu, na anafika karibu sentimita 40. Lita 300! Kinachochekesha kama una moyo wa kucheka, huyu ni samaki wa Bahari ya Hindi hii hii. Mvuvi mmoja wa Mikindani nilimwonyesha picha ya mkubwa, akaniuliza nimelipa shilingi ngapi. Sikumjibu.

Coris anakula nini? Anakula vyenye gamba. Konokono, kaa, kamba, urchini (wale viumbe wa mviringo wenye miba). Alipokuwa mdogo alidonoadonoa tu mchanga. Alipojaza mwili akaanza na konokono: anambinua kwa pua, anasubiri atoe mguu ajigeuze, anang'oa. Nikabaki na makombe matupu. Halafu akahamia kwa kamba. Msafishaji wangu mmoja alikuwa ametoka kujivua gamba, bado laini, amejificha chini ya tumbawe. Coris akamvuta kwa mguu, akambeba mdomoni mpaka kwenye jiwe analolipenda, akawa anatikisa kichwa huku na huku akimpigiza. Tap, tap, tap. Unasikia mpaka nje ya kioo. Vipande vikipukutika anavirudia kimoja kimoja. Kwa ufundi wake simlaumu, ndivyo alivyoumbwa, na rasi wengi wanatumia mawe hivyo hivyo huko baharini. Ninayemlaumu ana simu, ana akili, na alipewa orodha ya vilivyomo.

Na mchanga. Coris usiku analala ndani ya mchanga, anazama mzima mzima, hata mchana akishtuka anajichimbia. Kwenye picha za dukani kwake yuko kwenye tangi la kioo kitupu, chini hakuna hata punje. Samaki wa namna hiyo anashinda na hofu mpaka anauzwa. Mimi nilikuwa na mchanga wa kutosha kwa bahati tu, maana hakuniambia lolote. Angefikia kwa mtu mwenye sakafu tupu angejigonga pua mpaka afe, na mteja angeambiwa "maji yako mabaya kaka".

Nilipompigia kulalamika, mnajua alisema nini? "Tangi lako dogo." Bosi wangu, lita ulizijua kabla ya hela! Halafu akanishauri niongeze mistari sita wa pili "wapate kampani". Samaki hao wawili kwenye tangi la futi nne wanapigana mpaka mmoja abaki. Tena rasi wengi huanza wakiwa majike, mkubwa akabadilika kuwa dume, na rangi na tabia zinabadilika naye. Huyo ndiye mshauri wetu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba rasi watulivu wapo. Kuna Cirrhilabrus na Paracheilinus, wanakula vidudu vinavyoelea majini, kamba na konokono hawana habari nao. Kero yao kubwa ni kuruka nje na madume kutambiana. Cirrhilabrus exquisitus anapatikana pwani hii ya Afrika Mashariki. Mwaka 2019 wanasayansi waliitangaza spishi mpya kabisa kutoka matumbawe ya kina kirefu Zanzibar, wakaiita Cirrhilabrus wakanda. Yaani dunia nzima inawatolea macho rasi wa kwetu, sisi wenyewe tunauziana Coris kwa jina la klauni.

Muuzaji kuandika jina la kisayansi chini ya picha kunagharimu nini? Aandike na urefu wake akikua, anachokula, na kama anahitaji mchanga. Na aseme huyu mkorofi awekwe wa mwisho, wapole wakiwa wameshajua maficho yao, tena aanze ndani ya boksi la plastiki lenye matundu watazamane kwanza. Maneno ya dakika moja hayo. Wewe hutaki kuyasema kwa sababu mteja ataghairi.

NAONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Anayesema nibandike kioo cha kujitazamia nje ya tangi ili mistari sita apigane na sura yake: nilibandika. Kinasaidia kumpumzisha mgeni kwa muda. Ukikitoa vita vinarudi.

Wanaosema "kawaachie Msimbati, si ni samaki wa huku", acheni hayo. Kwanza ile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, ipo tangu mwaka 2000, si shimo la kutupia mizigo. Pili samaki hawa wamechangia maji na samaki kutoka nchi nyingine, hujui wamebeba vimelea gani. Simrudishi mtu baharini.

Anayeuliza niliwatoaje: Coris ni usiku, taa zimezimwa, unajua alipojichimbia, unamchota kwa wavu pamoja na mchanga wake. Mistari sita usimfukuze kwa wavu, utabomoa mawe yote bure. Chupa ya maji ikatwe shingo, igeuzwe iwe mtego, weka kipande cha nyama ya kamba ndani, funga uzi, kaa mbali. Kwangu aliingia umeme ulipokatika, pampu zimenyamaza (gesi inatoka hapo Msimbati na umeme bado unakatika, ila huo ni uzi mwingine).

Muuzaji, najua unasoma humu. Nataka hela ya Coris na ya yule aliyekaukia nyuma ya kabati.

Mwenye tangi la samaki watupu, lita 800 kwenda juu, mchanga wa kina, bila kamba wala konokono, aje inboksi, Coris namtoa bure. Mistari sita naye yupo, lakini kama bado unaongeza samaki usijisumbue kuniandikia.