Fezanti wamevimba chini ya macho, amoksisilini haijasaidia

Wakuu habari zenu, naomba msaada. Nina fezanti (ndege wa kufugwa jamii ya kuku) banda moja na kwale banda la pili. Hawa fezanti wa wiki nane walianza kupiga chafya wiki ya juzi nikajua ni vumbi la maranda tu, sasa hivi macho yanatoa mapovu, chini ya jicho pamevimba mpaka wengine jicho limeziba hawaoni hata chakula kilipo, na usiku ukisimama nje ya banda unasikia wanakoroma. Nimewapa amoksisilini kwenye maji siku tano hamna kitu, wamekufa 6. Inaniuma sana kuwaona hivi. Ni mafua ya kawaida? Na wakipona naweza kuwabakiza wawe wazazi?

Jibu 1
Pole sana ndugu. Hiyo inafanana kabisa na maikoplazma, ugonjwa wa bakteria (Mycoplasma gallisepticum), fezanti na kwale inawakamata vibaya. Amoksisilini haiwezi kufanya kazi hapo, maana dawa za jamii ya penisilini zinaua bakteria kwa kuharibu ukuta wa seli na huyu mdudu ukuta hana kabisa. Zinazomgusa ni tailosini, tiamulini, doksisaiklini, dozi akupangie vet (daktari wa mifugo). Ila angalia sana chakula chako, kama kimewekwa dawa ya koksidia (vimelea vya utumbo) aina ya monensini, salinomaisini au narasini USIWAPE tiamulini, vikikutana ndege wanapooza miguu na kufa.

Jibu 2
Naongezea, usianze dawa nyingine kabla vet hajachukua sampo, wanapitisha kijiti cha pamba kwenye uwazi wa kaakaa mdomoni halafu maabara wanapima PCR, kipimo cha vinasaba vya mdudu. Mafua makali ya kuku (koriza) nayo yanavimbisha uso hivyohivyo, ila yanaingia kwa kasi, siku moja mpaka tatu tu na mara nyingi usaha unanuka, wakati maikoplazma inatambaa taratibu wiki kadhaa. Fezanti pia wanapata minyoo ya koo, ndege mwenye minyoo hiyo anapanua mdomo kutafuta hewa na kutikisa kichwa lakini jicho halivimbi. Wakianza kufa wengi kwa mpigo toa taarifa kwa ofisi ya mifugo siku hiyohiyo, inaweza kuwa kideri au homa ya mafua ya ndege.

Muuliza swali
Asanteni sana, nimeenda kusoma lebo ya mfuko wa chakula, salinomaisini imo! Na tiamulini ndo nilikuwa naenda kununua kesho asubuhi. Nimeshampigia vet.

Jibu 3
Afadhali umesoma mapema. Kuhusu wazazi mimi nakusihi usifanye hivyo. Dawa inapunguza makali tu, ndege akionekana mzima bado anabaki na vimelea, akipata stresi ya kuhamishwa au baridi vinaibuka tena, na vinapita kwenye yai, kwa hiyo kifaranga anatotolewa navyo tayari. Nimeshawahi kubakiza "waliopona", msimu uliofuata vifaranga wote wakaanza kukoroma, nikaondoa kundi zima. Kwa sasa hudumia kwale kwanza ndo uende kwa fezanti, viatu na vinyweo kila banda na vyake, ziba matundu ndege wa porini wasiingie, toa maranda yenye unyevu maana ile hewa ya amonia inachubua koo na ugonjwa unazidi. Banda likibaki tupu osha, pulizia dawa, liache likauke kabisa, huyu mdudu nje ya ndege hana nguvu. Vet akija uliza kwale nao wapimwe hata kama hawakohoi.

Muuliza swali
Nimekuelewa mkuu, siwabakizi. Anakuja kesho saa tatu, na nitamwambia awapime kwale pia, mabanda yote mawili.