Mrejesho: makaratasi ya Carl Corley yalipo

Wakuu, nimerudi. Niliuliza yalipo makaratasi binafsi ya Carl Corley, yule mwandishi shoga wa Mississippi aliyejichorea mwenyewe majalada ya riwaya zake. Mlionielekeza Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, asanteni sana. Yapo huko, Maktaba ya Rubenstein. Ukitaka kuyasoma unaagiza maboksi mapema, na chumba cha kusomea ni penseli tu, kalamu ya wino marufuku.

Kilichonishangaza ni jina. Kati ya 1966 na 1971 alitoa riwaya 22 za mapenzi ya wanaume, vile vitabu vya bei chee, na akaziandika kwa jina lake halisi wakati wenzake wengi walijificha nyuma ya majina ya bandia. Na huku ni mchoraji wa idara ya barabara ya serikali! Jamaa hakuwa na mchezo.

Nakala yangu moja imeshageuka njano, na pembe zinamomonyoka ukifunua kwa pupa. Karatasi ile ya bei rahisi ina asidi. Nimeiweka kwenye bahasha isiyo na asidi, mbali na jua.

Aliyewahi kuagiza skani kutoka huko anijuze gharama.