Mjadala: Maji moto ya Amboni yajengewe bwawa la klorini, au yaachwe yapite yenyewe?

Mada
Chemchemi za salfa za Amboni, ambazo wengine huziita Galanos kwa jina la Mgiriki aliyekuwa na shamba la mkonge, ziliwahi kuwa na huduma ya kuogea ambayo imekufa. Wanaotaka ifufuliwe wamegawanyika. Kuna wanaotaka bwawa kubwa la vigae, pampu, klorini na geti la kiingilio. Wengine wanataka mabwawa madogo ya mawe, maji yaingie huku yakitokea kule bila dawa. Wadau wa Tanga, leteni hoja zenye vipimo.

Fundi wa maji, Chumbageni
Kabla mtu hajachora ramani, upimwe wingi wa maji. Kata pengo la umbo la V, pembe ya nyuzi 90, kwenye ubao au bati nene. Ziba nalo mfereji unaotoka kwenye chemchemi, na kandokando shindilia udongo wa mfinyanzi ili tone lisipite pengine. Maji yakitulia, pima kimo chake kutoka ncha ya chini ya V, lakini pimia nyuma kidogo ya ubao. Pale kwenye pengo maji yanakuwa yameshainama na kipimo kitakudanganya. Sentimita 10 ni kama lita 4.4 kwa sekunde, sentimita 12 ni karibu lita 6.9. Pima wakati wa kiangazi kikali, rudia baada ya masika, kisha jenga kwa kipimo kile kidogo.

Bwawa la mita 8 kwa 5, kina mita 1.2, linabeba lita 48,000. Likijazwa upya kila saa 2, linataka lita 6.7 kwa sekunde. Chemchemi ikitoa lita 2 tu, utangoja karibu saa 7. Na hata hapo uchafu haujaisha, kwa sababu maji mapya huchanganyika na ya zamani: ujazo mmoja ukipita umeondoa asilimia 63, na mpaka ipite mitatu ndipo unafika 95. Mimi nasema mabwawa matatu madogo, kila moja na mlango wake wa maji. Moja likisafishwa, mawili yanaendelea na kazi.

Msimamizi wa mabwawa ya hoteli, Raskazone
Kaka, hesabu nzuri, lakini vijidudu havijui hesabu. Maji yasiyo ya chumvi, yenye joto la nyuzi 25 hadi 46, ndimo anamostawi amiba anayepanda puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra, ila akimpata mtu ni nadra zaidi huyo mtu kupona. Klorini inamuua. Sehemu ya umma bila dawa mimi sikubali, na siku likitokea la kutokea tutamuuliza nani?

Mpima maji wa maabara, Pongwe
Dada, hofu yako ni ya haki, lakini klorini kwenye maji ya salfa inaliwa kabla haijafika kwa kijidudu. Miligramu 1 ya salfidi, yaani ile salfa iliyoyeyuka majini yenye harufu ya yai viza, hula takriban miligramu 8.3 za klorini mpaka igeuke yote kuwa salfeti. Ukitia pungufu, salfa inaganda na maji yanakuwa meupe kama tui, huoni hata miguu ya mtoto. Tuchukue mfano wa miligramu 5 za salfidi kwa lita, na maji yanayopita lita 24,000 kwa saa, kwa saa 10. Hapo ni kilo 10 za klorini, yaani zaidi ya kilo 15 za ile poda ya asilimia 65, kila siku, na bado hujapata hata chembe ya kubaki majini kulinda watu. Unaweza kuipeperusha salfa kwanza kwa kuangusha maji kwenye ngazi, sawa, lakini watu wa vipele na baridi yabisi wanafuata salfa hiyohiyo.

Amiba tumzuie kwa njia nyingine. Kina kisizidi mita 1, watu wakae, wasipige mbizi, kichwa kisizame, na pasiwe na bomba linalomwagika kichwani. Anakula kwenye utando wa utelezi na tope la chini, kwa hiyo kila wiki bwawa linakaushwa na kusuguliwa kwa brashi ngumu. Sakafu iinamie bombani, sentimita 2 kwa kila mita, na bomba la kutolea lisipungue milimita 160, la sivyo kazi ya asubuhi itakwenda mpaka adhuhuri na wasafishaji wataanza kuiruka.

Mhandisi wa ujenzi, Mkwakwani
Naongeza mambo ambayo naona yanapuuzwa. Amboni ni mwamba wa chokaa wenye nyufa na mapango. Usichimbue jicho la maji ukidhani utaliongeza. Na usiinue kiwango cha bwawa juu ya kimo cha asili cha chemchemi: uzito wa maji unarudisha nyuma, mtiririko unapungua au maji yanatafuta ufa mwingine, na hapo umeyapoteza. Choo cha shimo hakifai kabisa. Katika mwamba huo kinyesi hakichujwi na udongo, kinapita nyufani moja kwa moja. Lijengwe tangi lisilovuja, linyonywe na gari.

Saruji nayo huliwa, hasa juu ya mstari wa maji, pale gesi ya salfa inapogeuzwa asidi na bakteria kwenye ukuta wenye unyevu. Tumieni mawe, na mabomba ya plastiki; shaba inakuwa nyeusi na kuoza. Paa la makuti lisizibwe pembeni. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, hutuama sehemu za chini, na ikizidi pua huacha kuinusa. Harufu ya yai viza ikikatika ghafla kwenye shimo la valvu, toka.

Mkazi wa Kiomoni
Hoja zote nimezisoma. Kuna watu wanakuja na vidonda wazi, kuna wanaokuja na sabuni na nguo za kufua. Mkiweka geti la kiingilio bila kuwafikiria, wataogea juu kabisa kwenye jicho la maji. Wekeni koki nne za bure nje ya bwawa, maji yake yatoke kwa mfereji wake. Na wanawake wapewe saa zao, au bwawa lao lenye wigo, ndipo mama zetu watakuja.

Msimamizi wa mabwawa ya hoteli, Raskazone
Kwenye klorini nimekuelewa, dada wa Pongwe. Lakini masika Mto Zigi ukifurika na tope likaingia bwawani, bila dawa mtafanyaje? Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo hata eneo lenyewe ni dogo.

Fundi wa maji, Chumbageni
Siku hiyo pafungwe. Weka kisahani cheusi chini ya bwawa. Kisipoonekana kutoka ukingoni, hakuna anayeingia. Maji yote yatolewe, tope lizolewe, pasuguliwe, pajazwe, ujazo wa tatu upite, na sampuli ipimwe vijidudu vya kinyesi kabla ya kufungua. Maji yanayotoka yapite kwanza kwenye kidimbwi cha mawe yapoe na kupata hewa, maana salfidi ikiingia mtoni ghafla inawakosesha samaki pumzi. Kuhusu mita 60 uko sahihi: vyumba vya kubadilishia nguo na maegesho vikae nje ya hapo, na kibali cha kutumia maji kiombwe Bodi ya Maji Bonde la Pangani kabla ya jiwe la kwanza. Ninalotaka lijibiwe na kijiji na halmashauri ni hili: mshahara wa wasafishaji wawili utatoka wapi miezi ambayo wageni hawaji?