Mikopo ya asilimia 10 Dodoma: iendelee kwa vikundi au apewe mtu mmoja mmoja?

Kizota:
Wadau, hoja iko mezani. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024 na kanuni mpya. Ila mwanamke au kijana bado hapati mpaka awe kwenye kikundi cha watu wasiopungua watano.

Nasema sharti hilo liondoke. Fundi cherehani wa Majengo hahitaji wenzake wanne, anahitaji mashine ya kudarizi. Kwa kuwa sharti lipo, anaokoteza majina: wifi yake, jirani, mpangaji wa chumba cha nyuma, binti wa dukani. Pesa ikiingia wanagawana, kila mtu anashika njia yake. Mwezi wa tatu marejesho yanadaiwa kwa mwenyekiti peke yake, wengine simu hazipatikani. Hicho ni kikundi au ni orodha ya majina?

Ipagala:
Mkuu, ukiondoa kikundi unaweka nini pale? Mkopo huu hauombi hati ya nyumba. Dhamana yake ni wale watu watano kujuana. Mkopeshe mmoja mmoja uone kama hataambiwa alete mdhamini mwenye mshahara au kadi ya gari. Mama muuza mchicha hana vyote viwili, atarudi kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kama zamani.

Halafu tupige hesabu. Chukua kikundi cha vijana watano, mkopo wa milioni 15, pikipiki tano, marejesho ya miezi 24. Kila mwezi inatakiwa 625,000. Pikipiki moja ikileta hesabu ya 10,000 kwa siku, siku 26, ni 260,000. Zote tano ni 1,300,000. Zikilala mbili kwa ajali au injini, tatu zilizobaki zinaleta 780,000. Rejesho linalipika, na inabaki 155,000 ya oili na tairi. Sasa mpe kijana mmoja pikipiki moja kwa milioni 3: rejesho lake ni 125,000, na siku pikipiki ikilala anabaki na sifuri. Kikundi kinabeba ajali ambayo mtu mmoja hawezi kuibeba.

Kizota:
Hesabu yako ni safi ikiwa pikipiki ni za kikundi. Zikishaandikwa kadi kwa majina ya watu watano, nani atatoa hesabu ya pikipiki yake kumlipia aliyegonga?

Ipagala:
Ndiyo maana kadi zinatakiwa zibaki kwa jina la kikundi hadi rejesho la mwisho. Na katiba iseme chombo kikilala wenzake wanachangia shilingi ngapi. Katiba nyingi zinanakiliwa kikundi kwa kikundi, hata jina la kikundi kingine linasahaulika humo ndani. Hapo sharti la watu watano halina kosa.

Hombolo:
Mnabishana idadi ya watu, mimi naona tatizo ni kalenda. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Desemba, Aprili imekwisha. Mbegu ya alizeti, trekta na vibarua wa palizi vinataka pesa Novemba hadi Januari. Mkopo ukitoka Machi, shamba halina kazi nao. Pesa inakaa, mwanachama anaumwa, mwingine anadaiwa ada ya mtoto, inaliwa. Hata ukitoka Novemba, ukipewa miezi mitatu ya kupumua, rejesho la kwanza linaangukia Februari. Februari alizeti bado iko shambani! Mavuno ni Mei na Juni, na hapo kila mtu anauza, bei iko chini. Anayelazimishwa kurejesha kila mwezi anauza gunia kwa bei ya hasara ilhali mwenzake anasubiri.

Mwenye mizabibu ana nafuu kidogo kwa sababu mzabibu wa hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini shamba jipya halizai mwaka ule ule. Ukikopea miche, unalipa kwa pesa ya kitu kingine.

Wawe watano, awe mmoja, ratiba ikiwa ya muuza duka, mkulima ataitwa mdaiwa sugu tu.

Nkuhungu:
Samahani, naomba niulize la chini kabisa. Sisi dada wanne tunataka kuongeza wa tano. Nini hasa kinarudisha maombi?

Ipagala:
Dada, kwanza msimuongeze mtu kwa kujaza nafasi. Chezeni naye mchezo au vikoba hata miezi mitatu. Asiyetoa 5,000 ya wiki hatatoa 100,000 ya rejesho.

Maombi yanaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa wenye saini za wote, barua ya mtendaji wa mtaa, namba za NIDA, akaunti ya benki ya kikundi, cheti cha usajili na andiko la mradi. Kinachokwamisha mara nyingi ni majina. NIDA inasema Asha, benki inasema Aisha, muhtasari una jina la ndoa. Linganisheni herufi kwa herufi kabla hamjapeleka. La pili ni andiko lisilo na bei halisi. Msiandike "vifaa, milioni 4". Nendeni mkachukue ankara ya bei kwa muuzaji, hata mbili.

Kizota:
Na mwenye ulemavu anaruhusiwa kukopa peke yake. Kama hilo linawezekana kwa mmoja, kwa fundi wangu linashindikana nini?

Ipagala:
Linawezekana ukikubali mkopo wake uwe mdogo, na alipwe muuzaji wa mashine moja kwa moja, yeye asishike pesa taslimu. Hapo naweza kukuunga mkono. Kwa pesa taslimu, hapana.

Kizota:
Alipwe muuzaji, sawa. Fundi wangu hataki pesa, anataka mashine.

Hombolo:
Na mkulima je? Trekta la kukodi halina ankara, mwenye trekta anataka taslimu shambani, na anaitaka kabla hajawasha.

Ipagala:
Kwa mkulima mimi ningeanza na lile la kalenda. Kwenye andiko chora jedwali la miezi 12, onyesha mwezi wa kupanda, palizi, mavuno na mwezi mnaotegemea kuuza, kisha ombeni rejesho kubwa Julai hadi Septemba. Ombeni hilo kabla ya kusaini mkataba. Mkishasaini la kila mwezi, hilo ndilo mtakalodaiwa.

Hombolo:
Basi maombi yapelekwe Julai hii hii, si Oktoba. Kuanzia kata hadi pesa kuingia kwenye akaunti si safari ya wiki mbili.