Je, kemikali za mimea husaidia utumbo kupona baada ya antibiotiki?

Swali
Ndugu zangu, nimemaliza dozi ya siku saba ya amoksisilini niliyoandikiwa kwa ajili ya jipu la jino. Jino limetulia, lakini tangu siku ya nne tumbo linanguruma na choo kimekuwa laini mara tatu kwa siku. Nimesoma kwamba polifenoli, zile kemikali zinazoipa mimea rangi na ukakasi, hurekebisha utumbo. Je, ninunue vidonge vyake?

Jibu la kwanza
Jambo lenyewe lina msingi, ila lina kitendawili ndani yake. Sehemu kubwa ya polifenoli haifyonzwi katika utumbo mwembamba, bali hufika utumbo mpana, ambako bakteria huzivunjavunja. Elagitanini za komamanga, ambazo ni aina ya polifenoli, kwa mfano, hugeuzwa na bakteria kuwa urolithini A, ambayo katika majaribio ya panya imeonekana kukaza maungio yanayoziba nafasi kati ya seli za ukuta wa utumbo. Sasa, baadhi ya hao wageuzaji huenda ndio waliouawa na dawa yako, na hata kabla ya dawa si kila mtu anao. Kidonge hakiwezi kukurudishia bakteria ambao hawapo.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, na ndiyo maana mimi ningeanza na nyuzinyuzi. Bakteria waliosalia huzichachusha na kutoa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda utumbo mpana. Vitunguu vina inulini, ambayo ni aina ya nyuzinyuzi hizo, lakini anza na kiasi kidogo kilichopikwa vizuri, kwa sababu utumbo uliochokozwa hujaa gesi upesi. Uwe na subira pia: katika utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018, wanaume 12 wenye afya walipewa antibiotiki tatu kwa siku nne, na bakteria wao wengi walirudi ndani ya mwezi mmoja na nusu, ilhali spishi tisa za kawaida zilikuwa bado hazionekani kwa wengi wao baada ya miezi sita.

Jibu la tatu
Kabla ya komamanga na vitunguu, angalia choo. Ukiharisha maji mfululizo, ukaona damu au ukapata homa, mwone daktari, maana huenda ni *Clostridioides difficile*, bakteria anayeweza kuushambulia utumbo baada ya antibiotiki, na huyo hatibiwi kwa mimea. Usinywe dawa ya kufunga kuhara kabla hujapimwa.

Muuliza swali
Asanteni. Damu haipo wala homa, kwa hiyo vidonge nimeviacha na leo nimeanza na nusu kitunguu cha kuchemsha.